Kiboko Aliyezaa Kwenye Ngoro za Desideri

Vijana wangu, kila mkija kunisalimu, shikamoo haijapoa mnaanza: "Babu, tuambie ulivyoua simba." Basi nianze kwa kuwavunja moyo. Sikuua simba hata mmoja. Niliwaona mara chache, na kila mara simba alikuwa na haraka ya kuondoka kuliko mimi, au mimi kuliko yeye, sikumbuki vizuri. Kazi yangu miaka ile ya Mwingereza ilikuwa uaskari wa wanyama, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kutembea, kukaa na kutazama. Wengine kati yenu mmeandikwa juzi katika kazi hiyo hiyo, tena mmepewa viatu vizuri. Ndiyo maana nawaandikia. Mimi ni mtu wa darasa la nne la misheni. Nikikosea mahali mnisahihishe, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Eneo letu lilianzia kwenye misitu ya juu ya Mbinga, likateremka kwenye miombo, likaishia ukingoni mwa ziwa. Sisi tuliliita msitu wa serikali, ninyi mnasema hifadhi. Ukitoka ofisini Mbinga umande ukiwa bado kwenye mibuni ya watu, kabla jua halijawa kali umeshaingia mahali ambapo hujui kama bado uko duniani. Kuna kangaga zilizoota mashina kama migomba, unasimama chini yake zinakuwa mwavuli. Kuna miti mikubwa iliyoning'iniza ndevu za kijivu kila tawi. Mimi nilizaliwa Mbaha, mtoto wa ziwani. Sikuwa nimewahi kuona mti wenye ndevu. Mara ya kwanza niliukwepa, nikapita mbali kwa pembeni kwenye miiba.

Mzee Barnaba, askari aliyenitangulia kazini na kunifundisha, alisimama akasubiri nimalize kuzunguka.

"Umemsalimu?" akaniuliza.

"Nani, mzee?"

"Huyo mwenye ndevu. Au kwenu Mbaha hamna adabu kwa wakubwa?"

Alikuwa hivyo. Alibeba mizigo katika vita ya Mjerumani na Mwingereza, akarudi na mguu unaochechemea kidogo na mzaha usiokwisha. Bunduki aliijua vizuri kuliko mimi, lakini sikumwona akiikimbilia. Somo lake kubwa lilikuwa neno moja: kaa. Tukifika mahali popote, iwe mvua inanyesha au siafu wanapita, jambo la kwanza alikaa chini. "Ukisimama," alisema, "kila mwenye masikio anajua mtu amekuja. Ukikaa, baada ya muda wanakusahau. Wakishakusahau, ndipo kazi inaanza."

Mwanzoni niliona ni uvivu wa mtu mzima anayepumzisha mguu. Inawezekana kulikuwa na kidogo cha hilo pia. Lakini karibu yote niliyoyaona ya kuwasimulia niliyaona nimekaa. Nilimwona mlembe, ndege mdogo asiye na sura ya maana, akija kumwita mtu kwa kelele, akiruka tawi hadi tawi, akigeuka kuangalia kama unamfuata, mpaka mzingani. Niliona miombo wakati wa kiangazi kikali, hakuna tone la mvua, ikichipua majani mekundu kama makaa, mlima mzima, na mimi nikaenda kugusa nikidhani unaungua. Niliona ua likitokea kwenye majivu meusi, halina jani hata moja, ua tupu juu ya ardhi iliyoungua. Kule chini ziwani, nimekaa juu ya jiwe, maji meupe kama kioo, nilimwona samaki mdogo wa buluu akifungua kinywa na watoto wake wakaingia wote kujificha, halafu akafunga. Nilizaliwa kwenye ziwa lile na nilikula samaki wale tangu sina meno. Sikujua. Nilikaa juu ya lile jiwe mpaka Mzee Barnaba akauliza kama nimegandishwa.

Sasa niwape la Desideri, maana ndilo ninalolifikiria zaidi siku hizi.

Desideri alikuwa Mmatengo wa milimani, mtu mfupi, mpole, mwenye mikono mikubwa. Ukoo wao ulikuwa umejaa kwenye mgongo wa mlima wao, ardhi haikutosha tena. Basi akateremka na mkewe Kandida na watoto wao wadogo mpaka huku ziwani, upande wa Kihagara, akamwomba jumbe sehemu ya kulima. Jumbe akampa. Hilo lazima niliseme, kwa sababu baadaye mtamsikia jumbe huyu akisema maneno makali: alimpa mgeni ardhi bila kumsumbua.

Wamatengo wana kilimo chao. Ninyi wa Mbinga mnakijua, lakini wengine hamjakiona. Mwanamume anafyeka nyasi, anazilaza zikauke, kisha anazipanga kwa mistari inayokatana, kama mraba juu ya mraba, mteremko mzima. Halafu mwanamke anakuja na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kufukia zile nyasi kwa udongo. Yanabaki mashimo, yamezungukwa na kingo, na kwenye kingo ndiko mbegu inakopandwa. Hayo ndiyo ngoro. Mvua ya milimani ikishuka, maji yanaingia mashimoni yanatulia, udongo hauondoki. Ukitazama mlima wao kutoka mbali unaona kama sega la asali. Nimeona vitu vingi vilivyotengenezwa na watu, na sina kingine cha kuweka juu ya hicho.

Lakini hicho ni cha mlimani. Desideri alikuja kukifanya kwenye tambarare, karibu na maji. Hakujua namna nyingine, na baba yake hakujua namna nyingine. Watu wa ziwani wakapita wakisimama kucheka.

"Mmatengo, unazika nini humo?"

"Hayo makaburi ni ya kuku au ya sungura?"

Desideri alicheka nao akaendelea. Tatizo la pili lilikuwa mahali alipopachagua. Alipapenda kwa sababu nyasi zilikuwa fupi, zimesafishika, kama uwanja wa kanisa. Nyasi za kulaza alizifyeka kule juu akazibeba kichwani. Hakujiuliza nani alikuwa akizifyeka hizo za chini. Mnyasa yeyote, mtu wa ziwani, angemwambia kwamba hapo ni malisho ya viboko. Kwa nini hawakumwambia, sijui. Nadhani kila mmoja alidhani mwenzake ameshasema.

Na miaka ile ziwa lilikuwa linapanda. Wazee wenu watawaambia, kuna mitaa iliyohama. Maharage ya Desideri yaliota vizuri sana, yakatoa maua. Kisha maji yakaja taratibu yakaingia kwenye safu za chini, mashimo yakajaa, matete yakaota katikati.

Tulikuwa tumepiga kambi si mbali wakati mjumbe wa jumbe alipokuja anahema. "Kuna kiboko kwenye shamba la Mmatengo," akasema. "Mchana huu, jua linawaka, na hatoki."

Tulipofika tulikuta watu wengi. Ninawaambia kweli: mafiga yalikuwa yameshapangwa na vyungu viwili vilikuwa na maji motoni. Watu walikuwa na visu, mapanga, vikapu. Kiboko mmoja ni nyama ya mji mzima, na mafuta yake yanawekwa. Desideri na Kandida walikuwa wamesimama peke yao upande mwingine, kama wafiwa.

Mzee Barnaba akakaa. Mimi bado nilikuwa nimesimama, nikamwona kiboko. Alikuwa amelala kwenye safu za chini, amepanua mashimo kadhaa kuwa moja, tope limemfika ubavuni. Mgongo wake ulikuwa unang'aa mwekundu, unatiririka.

"Mzee," nikanong'ona, "ana damu. Kuna mtu ameshampiga."

"Kaa."

Nikakaa. "Anatoka damu mwili mzima, mzee."

"Jasho hilo."

"Jasho jekundu?"

"Lako lina chumvi, lake lina rangi. Kila mtu na alichopewa. Sasa tazama pembeni yake, acha kumtazama mgongo."

Nikatazama. Maji yakatikisika, kikatokea kichwa kidogo, masikio yakapiga tap-tap kurusha maji, pua zikafunguka, kikavuta hewa, kikazama tena. Kilikuwa kichanga chenye ukubwa kama wa mbuzi, rangi kama ya ini. Kikazama ubavuni kwa mama yake, tukahesabu pumzi zetu, kikaibuka tena na kuvuta hewa.

"Ananyonya," akasema Mzee Barnaba. "Huko huko chini ya maji. Anafunga masikio, anafunga pua, ananyonya, anapanda kupumua, anarudi. Amezaliwa leo au jana."

Watu wote walikuwa wamenyamaza. Hata wale wenye visu. Sijui kama mtu anaweza kuueleza ukimya kwa maandishi. Mtoto yule alipanda na kushuka, na kila akipanda ungesikia watu wakivuta hewa naye.

Kisha jumbe akaja mbele. Sheria ya serikali wakati ule ilikuwa hivi: mnyama akiharibu shamba, mwenye shamba akilalamika kwetu, tunampiga. Siyo jumbe anayelalamika, siyo jirani. Mwenye shamba. Jumbe alilijua hilo.

"Desideri," akasema kwa upole, "sema neno moja tu, baba. Askari wapo, bunduki ipo. Shamba lako litapona na wote tutakula."

Desideri akamgeukia Mzee Barnaba. "Mama akipigwa, mtoto inakuwaje?"

"Kesho hafiki," akasema Mzee Barnaba. Hakuongeza wala hakupunguza.

"Mdogo wangu naye hakufika kesho," jumbe akasema.

Hapo niwaeleze. Kipupwe kilichopita, mdogo wake jumbe alikuwa ziwani kwenye mtumbwi wake, kiboko akauinua na kuupindua, na yule ndugu hakurudi hai. Kama alikuwa kiboko huyu au mwingine, hakuna aliyejua, na jumbe mwenyewe hakudai kwamba anajua. Lakini mnaweza kuona kwamba hakuja pale kwa ajili ya nyama tu.

Desideri akakuna kichwa. Alikuwa mgeni, watoto wake walikuwa wanacheza na watoto wa watu hawa, ardhi alipewa na mtu huyu. Neno moja na wangemkumbatia wote.

"Mimi nilipokuja," akaanza polepole, "kila aliyepita hapa alicheka ngoro zangu. Sikukasirika. Nilisema labda wanajua. Huyu ndiye wa kwanza wa huku ziwani kuzipenda. Kalizunguka ziwa lote hili na mchanga wake, akachagua kuja kuzalia humu."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, kicheko kizuri, si cha dhihaka. Lakini Kandida hakucheka.

"Kwa hiyo watoto wako watakula sifa?"

"Sijasema watakula sifa."

"Watakula nini? Nilichimba mimi, siyo wewe. Wewe ulilaza nyasi. Mgongo huu ndio uliochimba. Yule amelala juu ya mgongo wangu."

Mimi sikumwona Desideri kama mtu aliyeshinda wala mwenye busara. Alikuwa mtu aliyebanwa. Alitazama shamba, akamtazama mkewe, akatutazama sisi.

"Silalamiki," akasema.

Jumbe akasema: "Sawa. Shamba ni lako. Njaa ikikukuta usije kwangu." Akaondoka. Mwanamke mmoja akamwaga maji ya chungu kwenye moto, moshi ukapanda, watu wakatawanyika wamebeba vikapu vitupu.

Mimi nilifurahi. Nawaambia ukweli huo, lakini msinisifu kwa sababu hiyo. Mimi nilikuwa na posho ya serikali. Kufurahi hakukunigharimu kitu. Aliyelipa alikuwa Kandida, na jumbe kwa namna yake, na nyumba nyingi ambazo zingekula nyama juma lile. Nimeligeuza jambo hili miaka mingi na bado siwezi kusema Desideri alikuwa na haki kuliko mkewe.

Tukabaki pale kuzuia watu wasimkaribie, maana kiboko mwenye kichanga hana mzaha. Nawapa hili la kazi, mlishike: msisimame kamwe kati ya kiboko na maji, na msisimame kamwe kati yake na mtoto, na kwa huyu mahali hapo pawili palikuwa pamoja. Akifunua kinywa, siyo usingizi. Akitulia kabisa akikuangalia, ondoka kinyumenyume bila kukimbia. Tulichagua kichuguu kilichokuwa juu ya upepo... hapana, chini ya upepo, ili harufu yetu isimfikie, na huko tukakaa. Mzee Barnaba angenichapa kwa kukosea hilo hata kwenye karatasi.

Kila asubuhi Kandida alikuja na jembe begani, akakaa nasi kichuguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umekuja kulima?"

"Nimekuja kuangalia maharage yangu."

"Maharage yako upande ule wa juu. Wewe umeelekea chini."

"Najua yalipo."

Anakaa. Muda unapita. Furukombe analia kule juu ya mti wake. Kisha Kandida anasogea mbele kidogo.

"Mbona leo hajaibuka?"

"Nani, mama?" anauliza Mzee Barnaba kwa uso mkavu.

"Maharage."

Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo kwa kofia. Lakini mtoto alipoibuka, akapiga masikio yake tap-tap, mwanamke yule aliachia pumzi ndefu, na jembe likamteleza mkononi.

Aliendelea kukasirika, msidhani vingine. Kila jioni alimwambia mumewe hesabu ya safu zilizokwenda. Kwa majirani, nguruwe pori walikuwa wanaingia kwenye mihogo, wakilima kwa pua zao kuliko mtu mwenye jembe. Shambani kwa Desideri hakuingia hata mmoja. Watu walianza kusema ni kwa sababu ya kiboko. Huenda. Huenda pia nguruwe wanapenda mihogo kuliko maharage. Sikuona nguruwe akigeuka kwa woga, kwa hiyo siwezi kuandika kwamba niliona.

Kulikuwa pia na siku ile ya nkungu. Mnazijua: wadudu wadogo wa ziwani, wengi kuliko mchanga, wanaopanda kutoka majini kama moshi wa nyumba kubwa inayoungua. Wingu lile lilitembea juu ya maji, likasimama wima mpaka juu, likapinda, likaja nchi kavu. Wanawake walitoka mbio na vikapu na vyungu, wakivipunga hewani kuwanasa, maana wanakandwa mikate na ni mboga nzuri. Watu wa Kihagara walimfundisha Kandida kupunga. Wale wale waliokasirishwa na mumewe. Alirudi kichuguuni nywele zimejaa wadudu, anacheka, akatuletea mkate mweusi uliobanwa kwa mkono. Kiboko na mwanawe walikuwa wamefunikwa na wadudu pia, wametulia chini ya wingu lile, kama vile dunia nzima ilikuwa inavuka juu ya mashimo ya Desideri.

Asubuhi aliyoondoka kiboko, ziwa lilikuwa limelala, halina hata kiwimbi. Milima ya ng'ambo ilionekana kana kwamba ni mwendo wa saa chache. Viboko wenzake wakaunguruma mbali kidogo, huu-hu-hu-hu, sauti inayoingia kifuani kabla ya masikioni. Yule mama akanyanyuka. Tope likamtiririka. Akasimama kwa muda mrefu akisikiliza, mtoto chini ya kidevu chake. Kisha akaanza kutembea, akimsukuma kwa pua, kuvuka safu za chini, kupita kwenye matete, mpaka kwenye maji.

Watu walikuwa wamekuja kuchota maji na kushusha mitumbwi. Jumbe alikuwepo, mkono juu ya mtumbwi wake. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Maji yalipokuwa ya kina, mtoto alizama, akaibuka anahangaika. Mama akazama chini yake. Alipopanda juu, mtoto alikuwa mgongoni kwake, amesimama kwa miguu yake mifupi, anatazama huku na huku kama mtu mkubwa aliyebebwa kwenye machela. Wakaenda hivyo. Nilitazama mpaka macho yakaniuma kwa mwanga, na hata leo nikifumba macho ninawaona. Sina neno la Kiswahili wala la Kinyasa la kuweka hapo.

Jumbe ndiye aliyeongea kwanza, kwa sauti ndogo, si kwetu hasa.

"Mdogo wangu alikuwa anajua kuiga ile sauti yao," akasema. "Aliiga hata kanisani. Mama alikuwa akimpiga."

Akashusha mtumbwi wake, akaelekea upande mwingine, si walikokwenda viboko.

Tukaingia shambani na Desideri. Safu za chini zilikuwa uji mtupu. Za katikati zimelala nusu. Za juu zilikuwa nzima, zimeshika maganda. Kandida akazipitia zote akishika maganda kwa vidole. Kisha akasimama mbele ya mumewe.

"Haya hayatutoshi mpaka mavuno mengine," akasema. "Unajua. Sasa tunabaki, au tunapanda mlima kwa ndugu zako?"

Desideri akachukua mundu wake, akashuka hadi pale ngoro zilipobomoka, akaanza kufyeka matete. Mvua zilikuwa bado hazijakata, mtu angeweza kuwahi kupanda tena. Alifyeka kwa nguvu, akaanza kuyalaza kwa mstari, kisha mstari mwingine wa kukata ule.

Mimi na Mzee Barnaba tulikuwa tumekaa. Kandida alisimama, jembe chini, mikono kiunoni. Nilidhani atageuka aende kufunga mizigo. Angekuwa na haki kamili.

Akaliinua jembe, akashuka mpaka alipokuwa mumewe, akamgusa bega.

"Siyo hapo," akasema. "Panda juu kidogo. Hapo pana mwenyewe."